Sanduku la babu: shajara ya mradi wa picha za garimoshi

Wiki ya 1

Naanza kuandika hii shajara leo kabla sijasahau mambo yalivyoanza. Mwezi uliopita tulikuwa tunabadilisha mabati ya nyumba ya bibi hapa Voi, fundi akapanda darini akashuka na sanduku la bati, lile la kwenda nalo bweni zamani, kufuli ipo lakini komeo lishaliwa na kutu. Bibi akasema hilo la marehemu mzee, acheni hapo hapo. Tukaliacha. Siku ya tatu akaniita mwenyewe, haya fungua basi, kama mna panya nijue.

Panya hamna. Kulikuwa na kofia ya kazi, kikombe cha bati kimebanduka rangi, na chini yake bahasha za kaki zimejaa picha, karibu zote za treni za moshi.

Babu alifanya kazi East African Railways, hiyo tulijua wote, alianza klina wa kusugua injini shedi ya Changamwe, akawa faiamani, yaani mwangalizi wa moto wa injini, mwisho akaendesha mwenyewe. Lakini picha hakuwahi kumwonyesha mtu. Nimehesabu leo, picha zilizosafishwa 86, negativu 57, jumla 143. Nilikaa chini pale ukumbini mpaka chai ikapoa, sikujua niguse ipi kwanza.

Mpango wangu ni huu: kila picha iingie kwenye kompyuta, na kila injini ijulikane ni ipi, na kila mtu aliyesimama mbele ya injini apate jina lake. Hilo la tatu ndilo naliogopa.

Wiki ya 2

Nimeharibu picha moja na inaniuma bado. Ilikuwa na vumbi na alama za ukungu, nikaifuta na kitambaa chenye maji kidogo tu, ile ngozi ya juu ya picha ikatoka na kitambaa, sasa kuna doa jeupe pale palipokuwa na magurudumu ya mbele. Tangu hapo ni brashi laini ya kupaka rangi tu, kavu, na kupuliza kwa mpira ule wa kusafishia kamera. Kama una picha za zamani nyumbani tafadhali usitie maji, na usizipige lamineshen, na kalamu ya wino nyuma usiguse, penseli laini inatosha.

Kuna tatizo lingine, nilipofungua bahasha ya negativu nikasikia siki. Siki kabisa kama ya kachumbari. Kumbe filamu za aina ile zikizeeka kwenye joto zinaoza zenyewe na kutoa asidi ya siki, na ikishaanza kwenye moja inaharakisha na za jirani, halafu zinajikunja na kusinyaa mpaka picha inapasuka. Darini kwa Voi, miaka yote hiyo chini ya bati, ni muujiza hata zimebaki. Nimezitenga zile zenye harufu, ni 19, nimeziweka peke yake kwenye bahasha za karatasi bila plastiki, hizo ndizo za kuanza nazo maana hazitasubiri.

Wiki ya 3

Nilipeleka sita kwa studio moja mjini wanisaidie, zikarudi na mikwaruzo miwili mirefu kama ya ukucha. Basi. Nimeazima skana yenye taa ya juu kwa rafiki, na nafanya mwenyewe usiku, picha za karatasi 600 dpi, negativu 2400, kila faili nalihifadhi mara mbili, moja kwenye diski ya nje moja kwa binamu yangu Mombasa. Ni kazi ya polepole, negativu moja ikinichukua dakika kumi nashukuru.

Wiki ya 4

Hii wiki nimejifunza kuzisoma injini na nimefurahi sana, acha niandike kwa kirefu.

Zamani nilikuwa nikiona treni ya moshi naona treni ya moshi, basi. Sasa naona miaka. Kwanza namba. Reli za Kenya na Uganda ziliunganishwa na za Tanganyika mwaka 1948, na baada ya hapo injini zikapewa namba za tarakimu nne, mbili za mwanzo ni aina ya injini na mbili za mwisho ni ya ngapi katika hiyo aina. Kwa hiyo nikiona 2912 najua ni aina ya 29, ya kumi na mbili. Zile za 29 na 31 zilipewa majina ya makabila ya Afrika Mashariki, za 60 majina ya magavana wa kikoloni, na za 59, ndizo kubwa kuliko zote, majina ya milima.

Sasa ukishajua hivyo hata jina likikosekana linakuambia kitu. Nina picha moja ya aina ya 60 na ubavuni pale pa jina pako tupu, zimebaki alama za misumari. Nilidhani bamba limeibwa. Kumbe baada ya uhuru yale majina ya magavana yalitolewa, hivyo picha hiyo haiwezi kuwa ya kabla ya miaka ya 60.

Cha pili ni bomba la moshi. Injini za 59 zilitengenezwa na Beyer Peacock pale Manchester, zikaja 1955 na 1956, zikiwa na bomba la mviringo la kawaida. Baadaye reli ikaanza kuzifungia injini zake kifaa cha mhandisi mmoja wa Austria, Giesl, ambacho kinavuta moshi vizuri zaidi na kuokoa mafuta, na hicho kina bomba lililobapa, ukilitazama kwa mbele jembamba kama kisanduku cha barua, ukilitazama kwa ubavu refu. Kwa hiyo bomba la duara, picha ya mwanzoni. Bomba lililobapa, picha ya baadaye. Nimekaa usiku mzima napanga mafungu mawili sakafuni, duara huku, bapa kule, bibi akapita akaniuliza hiyo ni karata gani.

Na cha tatu ni reli yenyewe. Hizi 59 ni nzito mno, tani 252 ikiwa imejaa maji na mafuta, haiwezi kupita kila mahali, ilihitaji reli nzito ya njia kuu, kazi yake kubwa ilikuwa Mombasa kwenda Nairobi. Kwa hiyo picha yoyote yenye 59 najua nitafute stesheni za njia hiyo, Mazeras, Mackinnon Road, Voi, Mtito Andei, Makindu, nisisumbuke na matawi.

Hizi 59 ni za muundo unaoitwa Garratt. Kwa wasioijua, Garratt ni kama injini mbili zimepeana mgongo, boila moja kubwa imebebwa katikati, tangi la maji mbele, maji mengine na mafuta nyuma, na kila upande una magurudumu yake na silinda zake. Kwa kuwa imekatika sehemu tatu inakunja kona kama jongoo. Za 59 zilikuwa 34 tu, kuanzia 5901 Mount Kenya mpaka 5934 Menengai Crater, na hazijawahi kutengenezwa injini za moshi zenye nguvu kuliko hizo kwa reli ya upana wa mita moja, popote duniani. Zilipanda kutoka bahari ya Mombasa mpaka Nairobi na mzigo wa tani 1,200. Babu yangu ndiye aliyekuwa anaangalia moto wake. Nimeiandika hiyo sentensi nikaisoma mara tatu.

Bado wiki ya 4, usiku

Picha namba 41 ndiyo inanikosesha usingizi. Babu kijana kabisa, kofia imekaa upande, amesimama chini ya injini ya 59, kushoto kwake dereva Kalasinga mwenye kilemba safi, kulia kijana wa tatu simjui. Bomba la moshi duara. Jina la injini liko juu ya vichwa vyao lakini jua limepiga bamba lote likawa jeupe. Namba ya mbele inaonekana 593, ya mwisho imezibwa na bega la yule kijana.

Zinazoanza na 593 ziko tano tu. Moja kati ya tano.

Wiki ya 5

Nimeenda Changamwe kumwona mzee mmoja, alikuwa klina wakati wa mwisho wa moshi, ana miaka themanini na ushee na macho yamepungua lakini maneno yote anayo. Nilimpelekea picha ambayo mimi niliiita "babu na sukari", babu anachota kitu cheupe na kijiko kikubwa anataka kukimwaga motoni. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Huo mchanga, mwanangu.

Akanieleza. Injini hizi zilichoma mafuta mazito, si makaa, kwa hiyo faiamani hakuwa na koleo la makaa kama tunavyoona kwenye sinema. Kazi yake ilikuwa valvu, kufungua na kubana mafuta kulingana na mlima, na kuangalia maji ya boila yasishuke, na jicho lake kwenye moshi muda wote. Moshi ukiwa mweusi unamwaga mafuta bure, ukiwa hauonekani kabisa umebana mno, unatakiwa ule wa kijivu hafifu. Sasa masizi yanajaa kwenye mabomba ya ndani ya boila na injini inakosa nguvu, ndiyo unachota mchanga mkavu unaumwaga kwenye tundu la mlango wa moto injini ikiwa inavuta kwa nguvu, upepo unaunyonya unapita kwenye mabomba kwa kasi unakwangua masizi yote, na bombani unatoka moshi mweusi tii kama kuna kitu kimelipuka. "Ukiona picha ya moshi mweusi wa kutisha," akasema, "ama faiamani mbaya ama faiamani ametoka kutia mchanga. Babu yako alikuwa wa mchanga."

Nimerudi kwenye mafungu yangu nikazitazama upya zile picha tatu za moshi mweusi ambazo nilikuwa nimeandika "injini mbovu?". Nimefuta.

Akanieleza pia kuhusu kabusi, maana nina picha ya wanaume wawili wamekaa mlangoni mwa behewa dogo na sufuria katikati yao. Kwa safari ya Mombasa Nairobi walikuwa wanaenda watu seti mbili, seti moja inaendesha, nyingine inalala kwenye behewa lililofungwa nyuma ya injini, wanabadilishana njiani, hivyo injini haisimami kungoja watu wapumzike. Wanapika humo, wanafua humo, mtu anaweza kukosa nyumbani siku kadhaa. Na injini ilikuwa na watu wake, si kila mtu anapanda yoyote, kwa hiyo waliipenda kama mali yao, wanasugua shaba mpaka unajiona uso, hasa madereva wa Kikalasinga hao mzee anasema walikuwa hawataki hata alama ya kidole.

Nikamwonyesha 41. Akaisogeza karibu na pua. Babu yako huyu. Huyu dereva namkumbuka, ndiye aliyekuwa na kamera ya kisanduku. Huyu wa tatu simwoni vizuri. Injini je? Akasema yeye alikuja baadaye, hawezi kudanganya.

Lakini nimepata jambo kubwa bila kulitafuta, kamera ilikuwa ya nani. Mle sandukuni hamkuwa na kamera na nilikuwa najiuliza. Kama dereva ndiye mwenye kamera na yeye yumo pichani, basi 41 ilipigwa na mtu wa nne.

Wiki ya 6

Hii lazima niiandike kama ilivyotokea.

Jana jioni nilikuwa nimekaa na bibi anachambua mchicha, mimi na kompyuta mapajani, nikamwambia bibi babu alikuwa kwenye injini moja kati ya tano hizi, nikusomee majina. Nikaanza na ya kwanza, 5930, Mount Shengena.

Akaweka mchicha chini. "Huyo."

Nikasema huyo nani bibi. "Shengena! Si ndiye aliyenigombanisha na babu yako."

Yaani alikuwa akirudi nyumbani anasema Shengena amenichosha leo, Shengena kaniweka Mtito usiku kucha, Shengena anataka kusuguliwa ndio atulie. Bibi ameolewa juzi, ana mtoto mchanga, anasikia tu Shengena, Shengena. Akanyamaza wiki mbili kisha akafunga nguo zake kurudi kwao Wundanyi. Babu akamwomba jambo moja, kesho saa nne njoo stesheni, beba na mtoto. Akaenda amevimba. Treni ikaingia Voi, linatikisa ardhi, maruni, linang'aa, na babu amejitokeza dirishani kiwiko nje anampigia kelele, "Mwenzio huyu hapa! Soma jina!" Bibi hakujua kusoma wakati ule, akasomewa na karani wa tiketi.

Nikamuuliza bibi miaka yote hii mbona hukuwahi kutuambia. Akasema mbona hamkuniuliza.

Shengena ni ule mlima wa Upare kusini, kilele chake mita 2,462, ukivuka mpaka tu kutoka kwetu huku. Nimeshapita basi ya Tanga mara ngapi chini ya ile milima nimelala.

Wiki ya 6, Jumapili

Furaha isinifanye nikose makini. Maneno ya bibi ni ushahidi kwamba babu alikuwa na 5930, si ushahidi kwamba injini ya picha 41 ni 5930. Kwenye jedwali nimeandika "5930, kwa maneno ya bibi, bado kuthibitishwa".

Wiki ya 7

IMETHIBITISHWA.

Kati ya zile 19 za siki kulikuwa na vipande viwili vimeshikana, sikutaka kuvilazimisha, nimeviacha kwenye chumba chenye ubaridi kidogo siku nne vikaachana vyenyewe ukingoni, nikamalizia kwa uzi wa kusafishia meno taratibu sana. Kimoja kimekwisha, hakina kitu. Cha pili ni palepale pa 41, watu walewale watatu, ila aliyepiga amesogea kushoto hatua mbili hivi na jua halikupiga bamba lote. Nilipoigeuza kwenye kompyuta weusi ukawa weupe nikavuta karibu, zikasomeka herufi tano za mwisho, NGENA.

Nilipiga kelele, bibi akaja mbio akidhani nimepigwa na umeme.

Filamu yenyewe imeshaanza kujikunja pembeni, nadhani mwaka mwingine mmoja darini isingekuwepo. Nimeiskani mara tatu kwa mwanga tofauti.

Wiki ya 8

Skana imerudishwa kwa mwenyewe, nimebakiza negativu 8, nangoja mwisho wa mwezi.

Wiki ya 10

Tumetoka Nairobi na shangazi, yule aliyekuwa mtoto mgongoni siku ile stesheni. Tulipanda ile treni mpya, ile ya 2017, na muda mwingi wa safari nilikuwa natafuta dirishani njia ya zamani, inaonekana na kupotea, inaonekana na kupotea, nyembamba jamani, ukiiona pembeni ya hii mpya huamini kwamba kitu cha tani 252 kilipita juu yake.

Makumbusho ya Reli yako nyuma ya stesheni kuu ya zamani, yalifunguliwa 1971 wakati moshi bado uko kazini, na ninamshukuru Mungu kuna mtu aliwaza mapema vile, maana kati ya zile 34 za milima zimebaki mbili na zote ziko pale, 5918 Mount Gelai na hii yetu. Zingine zilitolewa kazini moja moja miaka ya 70 zikakatwa chuma chakavu, na shirika lenyewe la reli za Afrika Mashariki likavunjika 1977.

5930 imesimama nje. Sikujua nitajisikiaje. Ni ndefu, mita 31 na zaidi, unatembea unatembea bado hujafika mwisho. Shangazi alikwenda moja kwa moja kwenye bamba la jina, akalishika, hakusema kitu muda mrefu. Mimi nikachapisha 41 kabla ya kuja kwa hiyo nikaanza kutafuta mahali aliposimama mpigaji, nikalinganisha misumari ya ubavuni na ngazi na pembe ya tangi, nikamweka shangazi mahali pa babu nikapiga. Tofauti kubwa ni bomba la moshi, sasa ni lile lililobapa, na kwenye 41 ni la duara. Kwa hiyo 41 ni kati ya kufika kwa injini na kufungiwa Giesl, babu hapo hajafika hata thelathini.

Niliuliza kama naweza kupanda ndani nikaruhusiwa. Upande wa faiamani kuna gurudumu la valvu ya mafuta, chuma chake kimelika na kulainika mahali pa kushika.

Wiki ya 11

Nimemwonyesha bibi picha za simu. Alitazama sana ile ya shangazi. Kisha akasogeza kidole mpaka kwenye ngazi ya pembeni, akasema hapo ndipo babu yako alipoteleza akavunja kifundo, akaletwa nyumbani na yule rafiki yake amembeba mgongoni kutoka stesheni, ndiye huyu wa tatu. Nikamuuliza bibi unamjua huyu wa tatu? Namjua, alikuwa anakula hapa kila wakishuka. Akanitajia jina, na kwao, na jina la mkewe, kwamba mke alikuwa bado yuko Mariakani miaka michache iliyopita.

Hesabu ya leo: zimeingia kwenye kompyuta 135 kati ya 143. Injini zilizojulikana kwa uhakika 61. Watu wenye majina 12, na jana walikuwa 11.

Jumamosi naenda Mariakani. Nimechapisha uso wa yule kijana peke yake, mkubwa, ukubwa wa karatasi nzima, kwa ajili ya macho ya mtu mzima, na ile 41 nzima nimeitia fremu aachiwe. Nitamuuliza pia kama anamjua aliyeshika kamera.